Milango ya Kadi na Rimoti: Jinsi Inavyofanya Kazi, na la Kufanya Inapogoma

Nyumba ya Kiswahili ya kupanga ina mpango unaojulikana na kila mkazi wa Temeke: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati na uani nyuma. Mlango wa mbele ni mmoja, na kwa miaka mingi ulinzi wake ulikuwa komeo la ndani. Aliyechelewa kurudi aligonga, na mwenzake akaamka kumfungulia. Baadaye kila mpangaji alipoanza kupewa ufunguo wake, likazuka tatizo jingine: ufunguo huchongwa nakala kwa dakika chache barabarani, na mpangaji akihama hakuna ajuaye ameondoka na nakala ngapi.

Hiyo ni sababu mojawapo ya wenye nyumba kugeukia milango inayofunguliwa kwa kadi, rimoti, namba ya siri au simu ya mkononi. Vifaa hivyo vinaonekana leo katika nyumba za kupanga, maduka, zahanati na ofisi za Mbagala, Chamazi, Kijichi na Toangoma, kama vinavyoonekana Bunju, Wazo na Mabwepande upande wa Kinondoni. Wengi wamekwisha kuzoea kanuni yake bila kujua, kwa maana kadi ya N-Card inayogusishwa getini katika Uwanja wa Benjamin Mkapa au kwenye kivuko cha Kigamboni hufanya kazi kwa namna iyo hiyo.

Hata hivyo, mlango wa umeme una jambo ambalo komeo la zamani halikuwa nalo. Umeme unapokatika, mlango huo hufanya mojawapo ya mambo mawili: hufunguka wenyewe, au hubaki umefungwa. Katika hali ya kwanza mwizi anaweza kuingia. Katika hali ya pili mtu anaweza kushindwa kutoka. Kaya nyingi hazijui mlango wao ni wa aina gani mpaka usiku wa tukio. Makala haya yanaeleza namna ya kulijua hilo mapema, namna ya kuutumia mlango ipasavyo, na hatua za kufuata unapogoma.

Sehemu nne za mfumo

Mfumo wa kawaida una sehemu nne. Ya kwanza ni kitambulisho anachobeba mtumiaji, yaani kadi, rimoti, simu, namba anayoikumbuka au kidole chake. Ya pili ni kisomaji kilichobandikwa ukutani au kwenye geti, ambacho hupokea kitambulisho hicho kwa mawimbi ya redio au kwa kugusa. Ya tatu ni kisanduku cha udhibiti, ambacho huhifadhi orodha ya walioruhusiwa na kutoa amri. Ya nne ni kufuli lenyewe, ambalo hupokea amri na kuachia mlango. Sehemu zote hizi hulishwa na adapta inayopunguza umeme wa volti 230 wa nyumbani hadi volti 12.

Katika vitasa vidogo vya milango ya vyumba, sehemu zote hizo hukaa ndani ya kitasa kimoja na kuendeshwa kwa betri za kawaida, mara nyingi nne za ukubwa wa zile za rimoti ya televisheni. Katika mageti ya magari, rimoti hutuma ishara kwa mota, na mota ndiyo inayosukuma geti.

Kuzitambua sehemu hizi ni muhimu, kwa sababu hitilafu karibu zote hukaa katika sehemu moja tu. Anayejua mahali ishara inapokwama humweleza fundi tatizo lilipo, naye fundi hana haja ya kubadilisha kifaa kizima.

Mlango huu umeme ukikatika, utafanyaje?

Makufuli ya umeme yako ya aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni kufuli la sumaku. Ni pande la chuma lililofungwa juu ya fremu, na bamba jingine juu ya mlango. Umeme unapopita, pande hilo huwa sumaku yenye nguvu. Lile dogo linalotumika sana huhimili mvuto wa kilo 280 hivi. Umeme ukikatika sumaku hufa, na mlango huwa wazi. Kwa upande wa usalama wa maisha hii ni faida: hakuna anayefungiwa ndani. Kwa upande wa wizi ni udhaifu, hasa pale ambapo hakuna betri ya akiba.

Aina ya pili ni komeo la umeme. Hili lina ulimi wa chuma kama wa kitasa cha kawaida, na umeme huhitajika ili kuurudisha ulimi huo nyuma. Umeme ukikatika, ulimi hubaki nje na mlango hubaki umefungwa. Mali iko salama, lakini aliye ndani anahitaji njia nyingine ya kutoka: mpini wa ndani usiotegemea umeme, au ufunguo wa kawaida.

Kuna njia rahisi ya kujua. Mchana, mlango ukiwa wazi na watu wote wakiwa na habari, zima swichi ya mfumo, kisha chomoa betri ya akiba ikiwa inafikika bila kufungua kisanduku cha umeme. Funga mlango, jaribu kuufungua ukiwa ndani, kisha ukiwa nje. Mtu mmoja abaki kila upande. Jaribio hili la dakika tano ndilo linaloonyesha kama nyumba ina mlango au ina mtego.

Suala hili ni zito zaidi katika mitaa ya Dar es Salaam kwa sababu madirisha ya nyumba nyingi yamewekwa nondo. Pale ambapo dirisha haliwezi kutokewa, mlango ndio njia pekee. Komeo la umeme lisilo na mpini wa ndani, katika nyumba yenye nondo, umeme ukikatika wakati wa moto, huwaacha wakazi bila njia yoyote. Hatari huwa kubwa zaidi kwa watoto walioachwa peke yao na mzazi aliyeondoka na kadi.

Umeme, LUKU na betri ya akiba

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 uliwafundisha wakazi wengi umuhimu wa akiba. Hata baada ya mgao kwisha, umeme bado unaweza kukatika kwa mvua, kwa matengenezo ya laini, au kwa sababu ya nyumbani kabisa: uniti za LUKU kuisha usiku.

Betri ya akiba inayofungwa na mafundi wengi ni ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7. Hesabu yake ni nyepesi. Kufuli la sumaku la kilo 280 hutumia karibu nusu ampea muda wote. Kisanduku na kisomaji pamoja huongeza takribani ampea 0.2. Jumla ni ampea 0.7, na 7 ukigawanya kwa 0.7 unapata saa 10. Hizo ni saa za kwenye karatasi. Kwa hali halisi saa hupungua, na betri iliyokaa miaka miwili au mitatu katika joto la pwani huweza kutoa nusu yake au chini ya hapo. Kwa hiyo mlango uliodumu usiku kucha ulipofungwa mpya huenda leo usifike hata alfajiri, ingawa taa ya adapta inawaka kijani kila siku.

Betri hiyo hupimwa kwa vitendo. Kila baada ya miezi mitatu, zima umeme wa mfumo saa za jioni, watu wakiwapo, na uandike mlango umeshikilia kwa saa ngapi. Saa zikianza kupungua, betri inafika mwisho.

Katika nyumba za kupanga huzuka pia mjadala kuhusu nani alipie umeme wa mlango, hasa pale mfumo ulipounganishwa na mita ya mpangaji mmoja. Hesabu inaweza kumaliza mjadala huo. Mfumo wa ampea 0.7 kwa volti 12 hutumia wati 8 hadi 10. Kwa saa 24 na siku 30, hiyo ni kama uniti 7 kwa mwezi. Ni gharama ndogo inayogawanyika kwa urahisi, mradi wapangaji wakubaliane mapema na makubaliano yaandikwe.

Kwa vitasa vinavyotumia betri ndogo, kanuni ni tatu. Betri zote zibadilishwe kwa pamoja. Betri mpya isichanganywe na kuukuu. Na mlio wa onyo usipuuzwe. Vitasa vingi vya aina hii vina sehemu ya kugusisha betri ya volti 9 au tundu la chaja ya simu upande wa nje, ili mwenyewe aweze kufungua hata betri za ndani zikifa. Mkazi aitafute sehemu hiyo leo, mchana, kabla haijahitajika gizani.

Mlango unapogoma: uliza maswali haya kwa mpangilio

Fundi mzuri haanzi na bisibisi. Huanza na maswali, na mkazi anaweza kuyauliza mwenyewe kabla ya kumwita.

Je, amekataliwa mtu mmoja au wote? Akikataliwa mmoja huku wengine wakipita, mfumo ni mzima. Tatizo ni kadi yake, rimoti yake au idhini yake. Kadi iliyopinda, iliyotobolewa tundu la kamba, au iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari kwenye jua kali huweza kufa. Wakikataliwa wote, tatizo liko kwenye kisomaji, kisanduku au umeme.

Je, kisomaji kina taa? Kisipokuwa na taa yoyote, hakina umeme. Angalia kama nyumba nzima haina umeme, kama LUKU ina uniti, kama swichi ya ukutani imezimwa na mtoto, au kama adapta imelegea kwenye soketi. Mara nyingi safari ya fundi huishia hapa, na mkazi hulipia nauli ya mtu aliyekuja kuwasha swichi.

Je, taa inageuka kijani lakini kufuli halitoi mlio? Kisomaji kimekutambua na kisanduku kimeridhia, lakini amri haifiki kwenye kufuli. Huenda waya umekatika mahali unapojikunja karibu na bawaba, huenda umeliwa na panya, au kufuli limeungua. Hiyo ni kazi ya fundi, na maelezo hayo humwokolea muda.

Je, kufuli linatoa mlio lakini mlango hausogei? Tatizo si la umeme. Mlango umeshuka kwenye bawaba, mbao zimevimba kwa unyevu wa masika, au ulimi wa komeo unabanwa na fremu. Sukuma au vuta mlango kidogo huku mwenzako akigusisha kadi. Ukifunguka, kinachohitajika ni seremala au mchomeleaji.

Je, mlango wa sumaku unafunguka ukisukumwa kwa nguvu? Tazama nyuso mbili za chuma zinapokutana. Vumbi, rangi iliyomwagikia au kutu hupunguza nguvu ya sumaku kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sumaku hudhoofika haraka kunapokuwa na nafasi hata ndogo. Futa kwa kitambaa kikavu, usitumie msasa. Bamba la mlangoni linapaswa kucheza kidogo juu ya mpira wake ili lilale sawasawa. Fundi akilikaza mpaka lisicheze, kufuli halitashika vizuri.

Je, rimoti inafanya kazi ukiwa karibu tu? Betri yake inakwisha. Rimoti nyingi hutumia kibetri bapa cha volti 3 au kile kidogo cha duara cha volti 12, na hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme. Ikiwa betri ni mpya na bado umbali ni mfupi, angalia waya wa antena kwenye kipokezi cha geti. Mara nyingine hujikunja au hukatwa wakati wa matengenezo. Rimoti iliyochezewa na mtoto mbali na geti huweza pia kupoteza mfuatano wake wa namba na kuhitaji kusajiliwa upya.

Mawimbi, mabati na hewa ya bahari

Kinachoitwa mfumo usiotumia waya hutegemea mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yana adui zake. Rimoti za mageti kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433. Vitasa vya simu hutumia Bluetooth au waifai katika gigahezi 2.4. Kadi hutumia mawimbi ya umbali mfupi sana, sentimita chache tu, ndiyo sababu hulazimu kusogezwa karibu.

Chuma huzuia au huvuruga mawimbi hayo yote. Kisomaji kilichobandikwa moja kwa moja juu ya geti la chuma husoma kwa umbali mfupi kuliko kilichobandikwa ukutani. Kipande cha plastiki au mbao katikati yake na geti husaidia. Kuta nene za zege, uzio wa mabati na tangi la maji lililo kati ya ruta na mlango hupunguza nguvu ya waifai. Kabla ya kununua kitasa cha waifai, simama mlangoni na simu, funga mlango, kisha tazama kama mtandao wa nyumbani bado unashika. Simu isiposhika, kitasa nacho hakitashika.

Kuna pia tofauti ambayo mnunuzi hapaswi kuisahau. Kitasa kinachozungumza na simu kwa Bluetooth hakihitaji intaneti kumfungulia aliyesimama mlangoni. Kile kinachotuma kila ombi kwenye mtambo wa mbali hukihitaji. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania na katika nchi jirani. Mlango wa nyumba haupaswi kusubiri waya wa baharini utengenezwe. Muuzaji aulizwe waziwazi: bila intaneti, kitasa hiki kitafunguka kwa njia gani?

Kwa wakazi wa Kijichi na maeneo mengine yaliyo karibu na mkondo wa bahari, kama walivyo wenzao wa Kunduchi na Mbweni, chumvi ya hewani hula viungio vya waya mapema. Kisanduku cha nje kiwe na mpira wa kuzuia maji, na matundu ya kupitishia waya yazibwe. Matundu hayohayo ndiyo mlango wa sisimizi na mijusi, ambao hupenda joto la ndani na kusababisha shoti.

Saa ya kisanduku na saa ya Kiswahili

Baadhi ya mifumo humruhusu mwenye nyumba kupanga saa: kwa mfano, kadi ya msaidizi wa usafi ifanye kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni tu. Hapa huzuka hitilafu inayowasumbua watu kwa miezi bila kujulikana.

Kwanza, kisanduku hufuata mtindo wa saa 24. Saa 12 asubuhi ni 06:00 na saa 12 jioni ni 18:00. Anayeandika 12:00 kwa mazoea ya saa ya Kiswahili ameandika saa 6 mchana, na kadi itaanza kukubali nusu ya siku ikiwa imekwisha kupita.

Pili, vifaa vingi hutoka viwandani China vikiwa na saa za huko, ambazo ziko mbele ya Tanzania kwa saa 5. Kisanduku kisiporekebishwa, kadi iliyoruhusiwa kuanzia 06:00 hadi 18:00 itafungua mlango kuanzia saa 7 usiku na kukataliwa kuanzia saa 7 mchana. Msaidizi wa usafi atalaumiwa kwa kuharibu kadi, na wakati huohuo mlango utakuwa unakubali kadi hiyo katika saa ambazo hakuna aliyekusudia. Dawa ni kutazama saa inayoonyeshwa na kisanduku siku ya kwanza, na kuitazama tena kila umeme unapokatika kwa muda mrefu, kwa kuwa visanduku vyenye kibetri cha ndani kilichokufa hupoteza saa.

Kadi iliyopotea na mpangaji aliyehama

Faida kubwa ya mfumo huu kuliko ufunguo ni kwamba kadi iliyopotea huweza kufutwa bila kubadilisha kitasa. Faida hiyo haipo iwapo hakuna anayejua kuifuta. Siku mfumo unapofungwa, fundi amkabidhi mwenye nyumba mambo matatu kwa maandishi: namba kuu ya kuendeshea mfumo, orodha ya kadi na majina ya waliopewa, na maelekezo ya kufuta na kuongeza kadi. Namba ya kiwandani ibadilishwe papo hapo mbele ya mwenye nyumba, kwa kuwa namba hizo zimechapishwa katika vijitabu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvisoma. Fundi asibaki na namba kuu.

Si kila kadi ina ulinzi sawa. Kadi za bei nafuu za kilohezi 125 hutoa namba ileile kila zinapoulizwa, na vifaa vya kuzinakili vinauzwa kwa bei ndogo. Kadi za megahezi 13.56 zenye usimbaji imara ni ngumu zaidi kunakiliwa. Vivyo hivyo kwa rimoti: ile inayobadilisha namba kila inapobonyezwa ni bora kuliko inayotuma namba moja milele. Kwa duka la dawa, ofisi au nyumba yenye wapangaji wengi, tofauti ya bei ina maana.

Mpangaji anapohama kwa taratibu, kadi yake irudishwe na ifutwe siku hiyohiyo. Lakini kuifuta kadi ya mpangaji ambaye bado anaishi humo, eti kwa sababu anadaiwa kodi, ni jambo jingine. Ni sawa na kumbadilishia kitasa akiwa kazini. Migogoro ya pango ina vyombo vyake: ofisi ya Serikali ya Mtaa, Baraza la Kata kwa usuluhishi, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa maamuzi. Kitufe cha kufuta kadi kisigeuzwe hakimu.

Kidole chako ni taarifa binafsi

Mifumo mingi huandika nani ameingia na saa ngapi. Ile inayotumia alama za vidole au sura huhifadhi taarifa ambazo mtu hawezi kuzibadilisha kama anavyobadilisha kadi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za aina hiyo kuwa nyeti, na ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa lugha ya nyumbani, maana yake ni hii. Anayeombwa kuweka kidole ana haki ya kuuliza kwa nini kinahitajika, kitahifadhiwa wapi, na kitafutwa lini atakapohama. Mwenye nyumba asiwaonyeshe majirani kumbukumbu za nani alirudi saa ngapi. Palipo na njia ya kadi au namba ya siri, ni busara mpangaji apewe uchaguzi huo. Pia itamsaidia, maana vidole vya fundi uashi au mama lishe, vilivyochakaa kwa kazi, mara nyingi hukataliwa na kisomaji.

Njia ya kutokea haiombi ruhusa

Kanuni inayopita zote ni hii: aliye ndani aweze kutoka bila kadi, bila namba, bila simu na bila umeme.

Kwa mlango wa kufuli la sumaku, kuwe na kitufe cha kutokea karibu na mlango, na zaidi ya hicho kuwe na swichi ya dharura inayokata umeme wa kufuli moja kwa moja bila kupitia kisanduku. Kitufe cha kawaida hutuma ombi kwa kisanduku, na kisanduku kilichoungua hakijibu ombi. Kwa mlango wa komeo la umeme, kuwe na mpini wa ndani unaorudisha ulimi kwa mkono. Kwa geti la mota, mlinzi na angalau watu wazima wawili wa nyumba wajue ufunguo wa kuachia mota ulipo na jinsi ya kulisukuma geti kwa mkono. Ufunguo huo ukifungiwa kabatini mwa mwenye nyumba aliyesafiri, ni kama haupo.

Moto unapotokea, kila mtu atoke kwanza, kisha ipigwe simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Asiwepo anayerudi ndani kutafuta kadi.

Kabla ya kumlipa fundi

Kazi ya kuunganisha mfumo na umeme wa nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mkazi ana haki ya kuomba kuiona. Vifaa vinavyotumia masafa ya redio viwe vya aina iliyoidhinishwa na TCRA. Mkazi asifungue mwenyewe adapta wala kisanduku chenye umeme wa volti 230. Yaliyoelezwa hapo juu ni ya kutazama, kufuta vumbi, kubadilisha betri ndogo na kuuliza.

Fundi akimaliza, asilipwe fedha ya mwisho kabla ya majaribio manne kufanyika mbele ya wakazi: kuingia kwa kadi, kukataliwa kwa kadi iliyofutwa, kutoka kwa kitufe, na kutoka umeme ukiwa umezimwa kabisa. Jaribio la nne ndilo linaloachwa mara nyingi kwa haraka ya kumaliza kazi, nalo ndilo la kwanza kwa umuhimu.

Kwa nyumba ambazo tayari zina milango hii, jioni moja ya wiki hii yatosha. Wapangaji wakutane ukumbini, wazime swichi, na kila mmoja, wakiwamo watoto, atoke kwa mkono wake mwenyewe. Mlango ukikataa kumtoa hata mmoja wao, fundi aitwe kesho yake.